Wageni wa Chai ya Débora

Débora alikuwa amebakiwa na siku tatu. Shemeji yake Mbusa alimwambia wazi: "Ikifika Jumamosi na hiyo chai haina batu ba kuikunywa, unafunga byombo, tunarudia Kipese." Kipese, ambako mwaka wa jana, 1999, vita vilimnyang'anya mume na shamba. Nani anarudi huko akiwa na akili zake?

Na chai yenyewe, wacha nikuambie, ilikuwa chai. Tangawizi aliitwanga mwenyewe, maziwa hakuyatia maji, mandazi yalitoka motoni yamevimba mashavu. Aliwamba shitingi, turubai la plastiki la wakimbizi, juu ya miti minne, akapanga mabenchi kuzunguka moto wa makaa, akajifunga kitambaa kichwani, akaketi kwenye mkeka kungoja. Wiki ya tatu hiyo, na watu wa mtaa wa Rughenda walipita upande wa pili wa njia, sauti wameshusha, wanaume wamevua kofia. Débora alidhani Butembo ni mji wa watu wenye adabu kupita kiasi.

Alhamisi asubuhi akaingia Papa Melchior, fundi wa baiskeli wa jirani, kofia kifuani, kifurushi cha sukari mkononi. Akaketi, akainamisha kichwa. Débora akampa kikombe: mteja wa kwanza! Mzee akanywa, akahema, akanywa tena, na akaonekana kuona haya kwa vile ilivyomnogea.

"Pole sana, mama," akasema. "Bibi yangu ananigombeza tangu wiki yenye ilipita, eti tunapita tu sawa batu benye hawana adabu. Njo nani alikufa?"

"Alikufa wapi, papa?"

"Hapa. Shitingi, mabenchi, moto, weye kwenye mukeka. Si kilio, matanga? Batu ba avenue muzima banajiuliza mutamuzika siku gani, lakini hakuna mutu anasubutu kuuliza."

Débora alicheka. Alicheka mpaka akashika tumbo, mpaka mzee naye akaanza kutikisika mabega. Halafu kicheko kikamkwama, akafuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Haukukosa sana, papa. Bwana yangu Josaphat, tulimuzika Kipese mbio mbio, masasi ya bunduki inalia. Hakuna mutu alikaa chini kumulilia."

Melchior akaweka kikombe chini.

"Basi tutakaa," akasema. "Leo na kesho, kilio. Kisha biashara yako."

Jioni ileile majirani wakaja, na makaa, na sukari, Wakatoliki na Waprotestanti benchi moja, kila upande ukivuta wimbo wake. Walitaka kujua Josaphat alikuwa mtu wa namna gani. Débora akawasimulia alivyokuwa akiwaimbia mbuzi nyimbo za kwaya, sauti nzito, na mbuzi wakimkimbia. Watu walicheka, naye akalia, akalia vizuri, machozi aliyoyabeba mwaka mzima. Chai ilinyweka birika baada ya birika, na kila mmoja alienda kwake akiisifu.

Jumamosi Mbusa akafika na kamba ya kufungia mizigo. Akakosa pa kuketi. Watu wamebanana, wanabishana bei ya samaki wa ziwani kutoka Kyavinyonge, wanaagiza, wanalipa.

"Shemeji, byombo biko wapi? Tufunge."

"Biko mu mikono ya batu," Débora akajibu, hata hakugeuka. "Ungoje. Kikombe ikirudia, nitakupa chai."