Nilipiga picha na jeep ya patron, ukoo mzima ukajua nimenunua gari

Wakuu, heshima yenu. Wa Tanzania, wa Burundi, wa kwetu Kongo, wote nawaamkia.

Miye niko Kasongo, Maniema. Kiswahili changu mtakivumilia, shuleni tulifundishwa Kifaransa. Ninachoandika kilinipata mwenyewe na siongezi chumvi. Chumvi yenyewe huku inafika kwa moto, yaani pikipiki, nani ataimwaga ovyo?

Nilimaliza shule ya commerce nikakaa nyumbani. Halafu nikajifunza digital marketing kwenye simu, siku ambazo réseau, mtandao wa simu, ilikuwa na huruma. Nikaenda kwa mfanyabiashara mmoja hapa mjini, tumwite Patron Saidi. Anauza moto, na pembeni anauza magari ya occasion, yaliyokwisha kutumika. Nikamwambia, patron, nipe stage, nijifunze kazi kwako, nitakuuzia magari kwa internet.

Akaniangalia kama mutu aliyeahidiwa kuletewa bahari Kasongo.

Nikisema "magari", wakuu, ni heshima tu. Iko moja. Jeep nyeupe, imekaa mu parcelle yake, uani, tangu kiangazi, kuku wanalala chini yake.

Sharti lake lilikuwa fupi: jeep ikiuzwa kabla mvua hazijakatika, nabaki pale kama mfanyakazi. Isipouzwa, narudi kulima mihogo na baba. Sina ugomvi na mihogo, lakini nilikuwa nimekwisha kutangazia mtaa mzima kwamba miye ni "community manager". Hamuijui aibu hiyo.

Basi nikaipiga jeep picha pande zote, nikapost. Likes zikatoka kwa wenzangu wa darasa tu. Mteja mmoja wa kweli aliuliza kama kuku nao wanauzwa.

Patron akanipa ushauri wa kitaalamu: "Gari bila mutu ni mabati. Weka mutu."

Nikamwambia asimame yeye, mwenye mali. Akaruka! "Miye? Watu wa taxe, wa kodi, wanione nimeshika gari? Simama weye. Huna kitu, nani atakufuata?"

Nikavaa shati ambalo kaka yangu alioa nalo, nikatia miwani nyeusi, nikaegemea mlango. Chini nikaandika: "Inauzwa. Bei ni ya kuelewana. Piga simu."

Sasa nyinyi wataalamu wa content nisikilizeni. Kwetu, mutu akipiga picha ameegemea gari, amenunua. Ndivyo inavyotangazwa. Na mégas, bando za internet, ni ghali, watu hawasomi maneno, wanachukua picha na kuirusha mu grupu ingine. Picha yangu ilitoka Kasongo ikafika Kabambare, ikapanda Salamabila kwa wachimba dhahabu, ikashuka Wamaza kwa wajomba zangu. Ile "inauzwa" ilibaki Kasongo peke yake.

Félicitations zikaanza, pongezi kila upande. Shangazi alinipigia akilia kwa furaha. Mwalimu wangu wa zamani akaniita Mheshimiwa. Dada mmoja wa kwaya aliyenikataa mbele ya watu akaniandikia "mambo vipi". (Nilimjibu? Nilimjibu, ndiyo, niacheni.)

Nikisema gari si yangu, wanacheka: "Eee, tajiri hajisemi!"

Nami nilicheka nao, mpaka alipopiga simu mjomba Ramazani wa Wamaza. Bibi yangu kifua kimemubana, hali chakula, hata maji anatapika. "Lete gari," akasema, akakata.

Hapo kicheko kiliisha. Bibi huyo ndiye aliyenilea, mama yangu alipokwenda kutafuta maisha Salamabila. Niliogopa, wakuu.

Nikamkimbilia patron. Akakataa. "Jeep haitoki. Mteja anataka gari ambayo haijachoka. Tafuta moto."

Moto! Mutu ambaye hawezi hata kukaa, utamufunga nyuma kama gunia la mpunga?

Nikawapigia wajomba simu na ukweli wangu: gari ni ya patron, na patron amekataa. Hawakuuamini. Mmoja wao akaitafuta post yenyewe, naye bila kusoma maneno yangu akaandika chini ya picha: "Gari hii inakataa wagonjwa."

Niwaeleze ambao hamjaishi huku. Barabara zetu ni za pikipiki na miguu. Mwenye gari ndiye ambulance ya ukoo, na siku ikifika ndiye anayebeba jeneza. Hatumuombi, tunampasha habari tu. Na gari iliyomkataa mgonjwa, hiyo ina laana. Ukiinunua, unainunua pamoja na machozi ya watu, na daraja la kwanza la miti litakudai.

Comments zikamwagika. Waislamu: "Astaghfirullah." Wakristo: "Yesu atuhurumie." Mmoja wa Kabambare aliandika kwamba alikuwa amekwisha kutaka kuinunua, sasa hata bure haitaki. Wakuu, post yangu haikuwahi kupata watu wengi kama siku ile. Si mnapenda engagement?

Patron alisoma. Akasoma tena, midomo ikitikisika.

"Mmeniua," akasema, akatoka kwenda kufukuza kuku.

Aliendesha mwenyewe, maana hamuamini mutu mwingine na jeep yake. Miye nikakaa kando yake. Njia sitawasimulia yote. Tulikwama, wanakijiji wakatusukuma, tukakwama tena mbele ya wanakijiji wengine. Patron alishuka kukanyaga matope na viatu vyake vya msikitini, akasema maneno ambayo si ya msikitini.

Pale barabara ilipokataa kabisa, wajomba walikuwa wanatungoja. Walikuwa wamembeba bibi kwa kipoyi, kitanda cha miti, mabegani, tangu Wamaza. Mjomba Ramazani hamjui patron. Aliniona miye nikishuka safi, akamuona mutu mwenye matope hadi kwenye nyusi ameshika usukani, akajua dereva wangu ndiye huyo.

"Chauffeur," akamwambia, "fungua mulango wa nyuma."

Patron akanigeukia. Miye nikaangalia mashamba ya watu.

Akafungua.

Njiani kurudi, kichwa cha bibi kilikuwa kwenye mapaja yangu. Kila kikohozi kikitulia, anaomba dua: "Mungu akulinde, chauffeur. Enda polepole, gari ya mjukuu wangu isiharibike."

"Ndiyo, mama," anajibu patron.

Hospitalini walimpokea, wakamtia dawa. Nilipomsikia anauliza kama kuna uji, nilitoka nje nikalia wazi, sikujificha.

Nje kulikuwa na tajiri mmoja wa dhahabu kutoka Salamabila, amekuja kumuangalia ndugu yake. Anaizunguka jeep. Anapiga teke mataili. Anauliza imetoka wapi.

"Njia ya Wamaza," nikamwambia.

"Mu mvua hii?"

Patron alikuwa anakuja mbio na ndoo ya maji, aioshe. Yule tajiri akamshika mkono: "Usioshe. Picha niliiona, lakini picha haivuki matope." Akainunua hivyo hivyo, na udongo wake.

Kuhusu kazi yangu, patron hakusema neno. Mvua zilikuwa zinaelekea kukatika, na mutu aliyeitwa chauffeur na ukoo mzima ana haki ya kununa. Nikaanza kuifikiria mihogo.

Siku bibi alipopata nguvu ya kukaa, patron akasema tumusalimie pamoja. Alikuja na mmoja wa wale kuku. Wajomba wote walikuwepo.

"Gari iko wapi?" bibi akauliza.

Nikamwambia imeuzwa.

Akanishika mkono, machozi yakamtoka. "Umeuza gari yako ju ya dawa yangu."

"Hapana bibi, ile gari ilikuwa ya..."

"Nyamaza. Mutu wa roho nzuri hajisemi."

Wajomba wakatikisa vichwa kwa heshima. Halafu bibi akamgeukia patron, aliyesimama pale na kuku mkononi.

"Na huyu chauffeur yako? Gari haiko tena, utamufukuza? Usimufukuze, mwanangu. Aliendesha vizuri. Niahidi."

Nikamtazama patron.

Patron akainamisha kichwa. "Tafazali, patron," akaniambia.

"Simufukuzi, bibi," nikasema. "Tutaendelea na kazi pamoja."

"Asante, patron," akasema Patron Saidi, akampa bibi kuku.

Tulipofika nje akafuta jasho. "Kesho ukuje mapema, kuko moto mpya za kupiga picha. Na weye usionekane mu picha hata kidole."

Fundisho langu ni dogo: huku kwetu ukitaka kuuza gari, usiiegemee, ipeleke ikabebe mgonjwa.

Bibi amerudi Wamaza, anapumua vizuri. Kila jioni anasimulia mjukuu aliyeuza gari ili yeye apone, na kila akinipigia ananiuliza kama chauffeur anakula vizuri.

Nyinyi mngemwambia ukweli? Andikeni, nitawasoma réseau ikikubali. Ila kama mna ndugu Wamaza, nawaomba, huu uzi usifike kwa bibi.