Maneno Niliyoiambia Sufuria

Wajukuu zangu hunicheka. Mara moja au mbili kwa mwaka kuna mzee mmoja huja kunisalimu hapa Mkuyuni. Husimama nje ya jiko langu la uani, ameligeuzia jiko mgongo, na mimi niliye ndani nampa mgongo vilevile. Husema, "Baiskeli, nifikishie shikamoo." Baiskeli yenyewe alikwisha kuiuza, siku hizi huja kwa pikipiki ya kukodi, lakini bado anaiambia baiskeli. Mimi nageukia moto, naiambia sufuria, "Mwambie marahaba. Kwake hawajambo?" Wajukuu wanashika mbavu kwa kicheko. Mmoja aliniuliza, "Bibi, si umpigie simu tu?"

Basi naandika, wasome wenyewe. Kuandika nilijifunza ukubwani, darasa la watu wazima, kwa hiyo mwandiko wanivumilie.

Majina ya watu wa habari hii nayakumbuka yote, mpaka la daktari na la mwenye nyumba. Sitaandika hata moja. Huyo mzee ni mkwe wangu, mume wa binti yangu, na jina lake sijalitamka tangu siku alipokuja kuposa. Kwetu mama mkwe hamtaji mkwe wake wa kiume, hampi mkono, hakai naye chumba kimoja, hasemi naye uso kwa uso. Ni heshima, si ugomvi. Sasa nikitaja wengine wote nikamruka yeye peke yake, itakuwa kama nimemfukuza kwenye habari yake mwenyewe. Bora wote wakae bila majina.

Binti yangu alikuwa mpiga chapa wa shirika moja la umma. Miaka ile ya tisini mashirika yalipokuwa yanauzwa na watu wanapunguzwa kazini, naye alipunguzwa. Ofisi ilipofungwa vitu vya zamani viligawanywa, yeye akatoka na kompyuta moja kuukuu na printa yake, ile inayolia kama cherehani. Akaviweka chumba cha mbele, akabandika karatasi mlangoni kwamba hapa tunapiga chapa. Watu wakaja. Barua za kuomba kazi, kadi za kamati za harusi, mitihani ya chekechea.

Moyo wake ulikuwa mbovu tangu utotoni. Aliugua homa ya viungo akiwa na miaka tisa, ikamwingia kwenye moyo. Alipoolewa madaktari walimkataza kuzaa. Mwaka alioanza kuvimba miguu nikaacha shamba langu kijijini kando ya ziwa, nikaja kumwuguza. Kulala nyumba moja na mkwe haiwezekani, kwa hiyo nilipangishiwa chumba nyumba ya pili, tunatumia uwanja mmoja. Mchana mkwe yuko mjini kazini, mimi niko kwa mgonjwa. Jioni akikohoa mlangoni, mimi natokea nyuma.

Binti yangu alikuwa hawezi tena kulala chali, pumzi inakatika. Aliketi muda wote ameegemea mito. Taipureta yake ya zamani ilikuwa imemshinda, maana vitufe vyake vinataka nguvu. Vya kompyuta unagusa tu. Aliniambia siku moja, anainua mikono yake nione, "Mama, miguu imekwisha kazi, moyo ndio huo, lakini hivi vidole kumi bado ni vya mpiga chapa. Mtu akija na karatasi yake mlangoni, mimi bado ni mtu." Nikaelewa kwamba mashine ile ndiyo iliyokuwa inamwamsha asubuhi.

Basi ikafa. Sehemu ya ndani inayotunza kazi iliharibika. Mkwe wangu alikuwa fundi wa redio na taipureta mjini, na kompyuta alikuwa ameanza kuzijua. Akapata sehemu nyingine iliyotumika, akaipachika. Lakini ilikuwa tupu, na disketi za mfumo wa zamani zilipotea siku shirika lilipofungwa. Mfumo mpya wa kununua haukuweza kukaa kwenye mashine kuukuu vile. Ndipo akasikia habari za Linux, zile za kuendeshea kompyuta bila kununua. Mwalimu mmoja wa chuo cha ufundi alikuwa nazo kwenye santuri, hizi wanazoita CD, anagawa bure.

Jumapili moja wakakaa kuchagua. Mimi niko uani nyuma ya pazia la mlango, nachambua mchele. Mkwe akasema kule ndani, "Mwambie mama kwamba Linux ziko nne."

Binti yangu akapaza sauti. "Mama, anasema Linux ziko nne."

"Nimesikia."

"Hujasikia mpaka nikwambie mimi. Kazi yangu hiyo, usiniibie."

Tukacheka wote watatu, kila mtu upande wake wa pazia. Wangekuwa na mtoto, hata wa miaka minne, ndiye angekuwa anabeba maneno kati yangu na baba yake. Hakuwepo. Mbebaji alikuwa mgonjwa mwenyewe.

Akanieleza zile nne kama mtu anayeeleza wachumba. "Wa kwanza anaingia kwenye disketi mbili tu, lakini printa haijui, huyo hafai, ataishi na mimi bila kufanya kazi. Wa pili maswali mengi, kabla hajaingia ndani anauliza ukoo mzima. Wa tatu mzuri! Ana picha, ana rangi, ana kile kipanya cha kusukuma kwa mkono, lakini anakula sana na mashine yetu ni fukara. Wa nne hana sura, maandishi meupe kwenye giza, basi. Lakini mwepesi, anakaa popote."

"Wewe unamtaka yupi?" nikauliza.

"Mimi nataka kupiga chapa tu. Mume wangu anataka yule mzuri."

Mkwe akajibu kule ndani, polepole, kama anajitetea. Alisema vidole navyo vitachoka siku moja, na siku hiyo kipanya kitamrahisishia kazi. Alikuwa anatazama mbali. Mashine yetu haikuwa na mahali pa kuingiza santuri, kwa hiyo ilibidi anakili kwenye disketi kule kazini saa ya chakula, chache chache, kadiri alivyozipata. Ile ya maandishi ilitaka disketi kumi na nne. Ile ya picha ilizidi hamsini.

Wakachagua ile ya picha.

Wiki hiyohiyo nilimpeleka hospitali peke yangu. Walipomaliza kumpima, daktari aliniita pembeni kwenye korido, binti yangu amebaki kwenye benchi. Alikuwa kijana wa mbali, si wa huku kwetu. Akasema, "Mama, hapa tunahesabu wiki, si miezi. Yeye msimtie hofu. Lakini mumewe lazima ajue. Utamwambia?"

Nikasema, "Ndiyo, daktari."

Hakujua ameniomba nini. Nilirudi nimemshika binti yangu kiunoni, tunapumzika kila baada ya nyumba mbili, na neno lile nimelibana mdomoni. Ningelipeleka kwa mkwe kwa njia gani? Njia yangu ilikuwa moja tu, na ndiyo hiyo niliyoishika kiunoni.

Siku zikaenda. Kila jioni mkwe alileta disketi tatu au nne kwenye mfuko wa shati, anaziingiza moja moja. Ikafika ya kumi na tisa ikagoma, akairudisha kunakili upya. Ikafika ya thelathini. Na mashine ikawa kama mtu aliyeshiba kupita kiasi: unagusa herufi, unasubiri, ndipo inatokea. Wateja walikuja na karatasi zao, binti yangu akawaambia wiki ijayo. Karatasi zikalundikana mezani. Akawa anakunja mikono mapajani, anaitazama kama vitu vya mtu mwingine.

Nikajaribu. "Mwambie mumeo aweke ile nyepesi."

"Loo! Mama umekuwa mtaalamu?"

"Mwambie tu."

"Anataka kunifanyia kitu kizuri. Mwache. Haraka ya nini?"

Nikainama nikaokota punje za mchele ambazo hazikuwepo.

Nikafunga safari mpaka Nyegezi kwa kaka yake mkwe, nimpe yeye neno alipeleke. Nikaambiwa amekwenda visiwani kununua samaki, sangara wa kuuzia viwanda, hajulikani atarudi lini. Jirani ningeweza kumtuma, lakini kabla jua halijazama mtaa mzima ungelijua, na mgonjwa naye.

Nikamkumbuka mama yangu mzazi. Siku moja ng'ombe walikuwa wanaingia shamba la mkwe wake, hapakuwa na mtu wa kutuma, akasimama njiani akamwambia mbwa, kwa sauti ya kusikika mpaka kule. Nilikuwa mtoto, nilicheka kama wanavyocheka hawa wajukuu, watoto wa wanangu wengine.

Asubuhi iliyofuata mkwe alikuwa uani anajaza upepo baiskeli yake aende kazini. Niliingia jikoni, nikampa mgongo, nikafunua sufuria ya uji.

"Sufuria," nikasema, "kuna mtu anajenga nyumba ya ghorofa kwa mgeni anayeondoka. Daktari ameniambia ni wiki, si miezi. Aliyelazwa humo ndani hajui. Yeye hahitaji picha wala rangi. Anataka kupiga chapa. Sufuria, mwenye masikio asikie."

Pampu ikanyamaza. Sikugeuka. Uji ulianza kushika chini, nikaunusa unaungua, sikuukoroga. Kisha nikasikia sauti, si ile ya Jumapili.

"Baiskeli, mwambie aliyesema, leo leo."

Kabla ya adhuhuri alikuwa amerudi, disketi kumi na nne kwenye mfuko wa plastiki. Mimi nilitoka nikakaa nyuma ya pazia. Nikamsikia binti yangu, "Mbona saa hizi? Umefukuzwa kazi?" Disketi zilianza kuingia na kutoka. Ilipofika saa tisa alasiri kazi ilikuwa imekwisha, na nikajua kwamba kioo sasa kina maandishi meupe kwenye giza, kwa sababu binti yangu alikaa kimya.

Halafu akasema, "Jana ulisema zimebaki disketi kama ishirini za picha. Leo umeitupa yote. Nani amekwambia?"

"Nimeona tu itakuwa nzito."

"Nani amekwambia?"

Sauti yake ikaligeukia pazia.

"Mama, upo hapo nje?"

"Nipo."

"Mmesema."

Miaka kumi na miwili ya ndoa yake hatukuwahi kusema, mimi na mumewe, hata siku paa lilipoezuliwa na upepo. Alijua kwamba jambo la kunifungua mdomo ni moja tu. Sikumwambia, na mumewe hakumwambia. Tuliyabadilisha maandishi ya kioo, naye akasoma hapo.

Nilisubiri kilio. Nikasikia vitufe, kwanza kimoja kimoja, kisha kama mvua ya kwanza kwenye bati.

Alifanya kazi siku kumi na moja. Zile karatasi za mezani zikapungua. Mwalimu wa chekechea akachukua mtihani wake, kijana wa Buzuruga akachukua barua yake. Mimi nampangusa jasho, namnywesha uji kwa kijiko huku anatazama kioo. Kuhusu lile jambo hakuniuliza tena. Ila mara moja alisema, bila kugeuka, "Mama, umenipa siku, lakini umeninyang'anya kitu." Nikasema, "Najua." Mpaka leo sijui kama nilifanya vyema. Wapo walioniambia nilifanya vyema. Wao hawakuwa nyuma ya pazia.

Kazi ya mwisho ilikuwa katiba ya kikundi cha akina mama wanaokaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani baada ya minofu kukatwa. Vifungu kumi na viwili. Alifika cha tisa. Siku ya kumi na mbili asubuhi nilimkuta kwenye mito yake, mikono ipo juu ya meza.

Baada ya matanga watu waliondoka. Nilikuwa uani nafunga mzigo wangu, nikamsikia mkwe ndani, peke yake, anaiambia mashine, "Hii kazi ya akina mama haijakwisha, na mwandiko wao mimi siusomi."

Nikaweka mzigo chini. Nikachukua ile rasimu ya mkono pale ilipokuwa dirishani, nikachukua na sufuria, nikaketi chini nyuma ya pazia, mgongo kwenye mlango. Nikaanza kuisomea sufuria kifungu cha kumi. Nasoma neno moja, napumzika, neno moja. Kule ndani vidole vya fundi wa redio vinanifuata, vizito, vinapapasa. Kifungu cha kumi na moja. Cha kumi na mbili, jinsi mwanachama anavyoweza kuondoka. Tulimaliza jua likiwa bado lipo.

Akasema, "Mashine, chini pale yeye alikuwa akiandika imechapwa na nani. Niandike nani?"

Nikaiambia sufuria jina la binti yangu. Hapa siliandiki. Nikasikiliza vitufe nikavihesabu, vilikuwa saba, na hakukosea hata kimoja.