Mkono wa Saba wa Roshani

Dada yangu aliolewa na mtu asiyejua kusema "inatosha." Shemeji alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na mtaa mzima ulimwita Rudia, kwa sababu geti ulilolisifu asubuhi ungelikuta jioni amelikata upya, eti pembe imepinda kwa unene wa kucha. Mimi ni fundi cherehani. Pindo likipinda naweka pasi juu yake, maisha yanaendelea. Nilimtania kwamba hata mbinguni atawaomba malaika wamwachie malango ayakague kwanza. Alicheka, lakini mdomo tu.

Ujanani alianguka kutoka ghorofa ya nne pamoja na jukwaa la ujenzi. Wenzake wawili walizikwa wiki hiyo hiyo; yeye aliangukia rundo la mchanga akavunjika mkono. Tangu hapo kila mchungaji alimwambia neno lile lile: Mungu amekubakiza kwa kusudi. Maneno hayo ni matamu kwa anayeyasema. Anayeambiwa ndiye anayelala nayo. Rudia alilala nayo miaka thelathini, akichomelea vitanda na madirisha, na kila alipomaliza kimoja alikitazama kwa huzuni, kwamba hata hiki sicho.

Kanisa lilipomwomba ajenge roshani ya kwaya, alikuja dukani kwangu akiwa amenyoa ndevu. Akasema kusudi limepatikana. Dada yangu, anayeimba sauti ya pili, alilia kwa furaha.

Roshani ilishikwa na mikono minane ya chuma iliyochomelewa kwenye nguzo. Jumamosi, kesho yake iwekwe wakfu, ulibaki mkono wa saba, ule ulio juu ya mabenchi ya watoto. Mvua ilikuwa imevujia karakana na kulowesha vijiti vya kuchomelea. Kila mwenye kazi hiyo anajua kwamba kijiti chenye unyevu huacha vitundu ndani ya kiungo, hata kama juu kinang'aa. Dawa yake ni kuvikausha motoni, saa kadhaa, au kununua vingine. Duka lilikuwa limefungwa. Fundi rangi alisimama ngazini na brashi yake, na mwenyekiti wa kamati alikuwa akitazama saa. Mtu yule ambaye hakuwahi kusema inatosha, siku hiyo alisema. Akajiahidi kuurudia Jumatatu. Kabla ya jioni rangi nyeupe ilikuwa imeshaufunika.

Jumapili mchungaji alimsimamisha mbele, akahubiri kwamba Mungu humwandalia mtu tabia kwanza, kisha humpa kazi, na mfano wake ni huyu hapa. Watu walipiga makofi hadi nikaona aibu kwa niaba yake. Yeye aliinamisha kichwa, nikadhani ni mnyenyekevu tu. Jumatatu hakwenda. Angeanzaje kukata kitu kilichokwisha kuombewa?

Mwezi wa tatu baada ya hapo ufa ulitokea kwenye rangi, mwembamba kama unywele. Aliweka alama ya penseli mwisho wake. Jumatatu iliyofuata ufa ulikuwa umeipita alama, akaweka nyingine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema ufa ulio juu ya vichwa vya watoto utakujengesha nini. Alipokuja kunieleza, alama zilikuwa kumi na moja.

Alikuja kwa sababu Jumapili iliyofuata askofu angefika, na kwaya tatu zingepanda pamoja, watu tisini. Alikuwa ametoka kwa mchungaji. Mchungaji alimshika bega, akamwambia imeshika miezi minane, askofu aondoke kwanza, Mungu aliyekushika wewe ataishika na roshani.

"Ukamjibu nini?" nikamuuliza.

"Niliaga nikatoka, shemeji. Ndiyo maneno niliyokuwa najiambia kila Jumapili."

Nami ni mjumbe wa kamati ile. Nakiri nilimwambia aende akasali, na moyoni nikasema labda ni rangi tu inayobanduka. Nilikuwa na majoho tisini ya kushona. Sijajisamehe.

Jumapili asubuhi nilimkuta mguuni pa ngazi ya roshani, amevaa suti yake ya ndoa, mikono ameitandaza huku na huku. Mwenyekiti alimwamuru apishe. Rudia akasema kwa sauti ya kawaida kwamba mkono wa saba ni mbovu, na aliyeuharibu ni yeye. Wengine wakacheka, wakidhani ni yale yale ya kurudia kazi. Dada yangu alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Hakucheka.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu siku niliyouchomelea."

Akavua joho, akamkabidhi jirani yake, akatoka nje. Baada yake hakuna aliyepanda.

Jumatatu mwenyekiti, akitaka kumwumbua, aliagiza mifuko ya saruji ipandishwe kwa kamba hadi ifike uzito wa kwaya tatu. Ulipopanda mfuko wa sitini na moja, nusu ya uzito uliotakiwa, mkono wa saba uling'oka. Mabenchi mawili ya watoto yalisagika. Tulisimama kwenye vumbi bila kutazamana.

Sasa wanasema ndilo kusudi alilobakiziwa, kuwaokoa wale tisini. Mchungaji mwenyewe amelihubiri. Rudia alinivuta pembeni akaniambia hapana, Mungu hakumbakiza kwa ajili ya Jumapili ile. Alimbakiza kwa ajili ya Jumamosi ya vijiti vilivyolowa, kazi ndogo isiyo na shahidi, naye akashindwa.

Dada yangu yuko kwangu tangu Jumapili ile ya askofu. Juzi Rudia alinituma nimwambie jambo moja: kwamba miezi yote minane hakukosa ibada hata moja, na kila mara alikaa na watoto, chini kabisa ya mkono ule, ili ukianguka umwangukie na yeye. Nikalifikisha, nikidhani litamlainisha.

Dada aliendelea kukunja nguo, akaikunja ile aliyokwisha kuikunja.

"Kwa hiyo alikuwa tayari kufa na mimi," akasema. "Kunishusha tu ndiko kulikomshinda."