Aya ya Mwisho ya Tahariri

Ni mhariri aliyemnyima bibi kura yake, au ni mimi? Leo sokoni Bariadi nimefungiwa dagaa katika gazeti, na harufu ile imenirudisha jikoni kwake, nikimtafsiria kwa Kisukuma tahariri ya gazeti kuukuu lililofungiwa samaki wetu. Ilisema wabunge husinzia bungeni. Aya ya mwisho iliwasifu wachache waliopigania bei ya pamba, lakini nilikuwa nimechoka, sikumsomea.

"Kumbe wanalala!" bibi alicheka. "Basi kesho siendi kupiga kura, mjukuu wangu. Nimchague mtu akalale?"

Kulipokucha, majirani walielekea kituoni. Yeye alibeba jembe, akashika njia ya shambani peke yake.