Wimbo Usio na Baba Ndani Yake

Kuliza watu ninajua, sijisifu bure. Kwaya yetu ya Rwamgasa huimba nyimbo zangu misibani, na nimeona wachimbaji wa dhahabu wenye vifua kama milango wakitafuta leso kabla ya ubeti wa pili. Siri yangu ilikuwa rahisi: tia machozi kila ubeti. Machozi ya mjane, machozi ya yatima, machozi yanayojaza mto.

Kwa hiyo baba alipotimiza mwaka kaburini, na ukoo ukapanga siku ya kuweka msalaba nyumbani kwetu Bukombe, nilijipa kazi moja. Mama hakuwa amelia, hata siku ya mazishi. Shangazi, dada yake baba, alilitangaza hilo mpaka kisimani: mke asiyemlilia mumewe ana lake jambo. Nilikasirika sana. Nikaapa kwamba mama atalia mbele yao wote, tuone watasema nini tena.

Tukaimba pale kaburini. Shangazi aligaragara. Waimbaji wangu wenyewe walikatika sauti. Mama alisimama macho makavu, kama mtu anayesikiliza matangazo ya mnada.

Nikamfuata jikoni.

"Wimbo umeuonaje, mama?"

"Mzuri. Ni wa nani?"

"Wa baba, bila shaka!"

"Mwanangu, baba yako sijamwona humo. Nimeona maji tu."

Iliniuma, maana alisema kweli. Wimbo ule ningeweza kumwimbia marehemu yeyote wa Geita nzima. Nikavuta kigoda, nikajiuliza baba alikuwa mtu gani hasa. Kisha nikaanza kuimba polepole, bila chozi hata moja. Niliimba jinsi kila kiangazi alivyojitia kumsaidia mama kukata viazi vitamu vya michembe, vipande vya kuanika juani, na kwa haraka zake akavikata vinene. Vinene havikauki, vinaota ukungu. Basi mama alingoja baba aende zake, akavikata upya vyote, ili majirani wasimcheke mumewe. Sisi watoto tuliapishwa kunyamaza, na baba alikufa akijiona bingwa wa michembe.

Mama akacheka. Akacheka mpaka akaketi sakafuni. Shangazi akaingia mbio, akauliza ni kicheko gani hicho siku ya msalaba. Nilikuwa na jibu lake tayari, tena lenye pilipili, lakini mama aliniwahi. Aliupokea wimbo tangu mwanzo, kwa Kisukuma, sauti yake nyembamba lakini imara, akauongezea ubeti ambao mimi nisingeuweza:

"Mwaka huu nimekata peke yangu.
Vyote vyembamba, vyote vimekauka.
Sina tena wa kumsitiri."

Hakulia. Shangazi akaketi sakafuni kando yake, akamshika mkono, akamwomba auimbe tena.