Kanga kwenye Madirisha ya Darasa la Pili

Chuoni nilifundishwa namna ya kumweka mtoto katikati ya somo, namna ya kupanga vikundi, namna ya kutumia picha zinazotembea badala ya chaki. Hakuna mhadhiri hata mmoja aliyesema kwamba picha zinazotembea zinahitaji giza, na kwamba shule yetu pale Wete, kisiwani Pemba, haikuwa nalo.

Ilikuwa shule ndogo ya kanisa, nyuma ya nyumba ya padri. Wanafunzi wengi walikuwa watoto wa watu wa bara: askari, manesi, wafanyabiashara wa sokoni. Wachache walikuwa watoto wa majirani Waislamu, ambao wazazi wao walikipenda Kiingereza chetu kuliko walivyouogopa msalaba wetu. Mimi mwenyewe ni mtoto wa watu wa bara niliyezaliwa na kukulia Jadida, hapo hapo Wete. Nikiwa bara naitwa Mpemba, nikiwa Pemba naitwa wa bara, na jambo hilo nimelifikiria kwa muda mrefu kuliko linavyostahili. Mimi ni mtu wa namna hiyo. Nikisalimiwa na mtu asubuhi kwa sauti ya chini, hadi mchana nakuwa nimeshaorodhesha makosa yote niliyowahi kumfanyia.

Projekta ilitumwa na marafiki wa parokia walio ng'ambo, pamoja na filamu za kufundishia kusoma. Sista, ambaye ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu, alinikabidhi boksi mbele ya walimu wote.

"Msomi ni wewe," akasema. "Isiharibike."

Sikusikia neno jingine lolote siku ile ila *isiharibike*.

Juma hilo hilo akaja mama wa binti mmoja wa darasa langu. Alikuwa mwanamke wa Tabora aliyekuwa na meza ya kanga sokoni, mwenye sauti iliyozoea kushindana na sauti za wenzake. Hakukaa kwenye kiti nilichomvutia.

"Mwalimu, mimi sikusoma sana, lakini macho ninayo. Mwanangu yuko darasa la pili na hajui kusoma."

Nikaanza kumweleza kwamba kila mtoto ana kasi yake.

"Sikiliza kwanza. Huu mwaka wa uchaguzi, vurugu zake unazijua mwenyewe. Wenzangu wameanza kurudisha watoto bara. Mimi wangu nimemng'ang'ania kwa sababu ya shule. Sasa kama shule yenyewe haimpi kitu, namng'ang'ania nini? Bibi yake yupo Tabora, anamtaka." Akafunga kanga yake kiunoni upya. "Siku ya kufunga muhula asome mstari mbele ya wazazi kama wenzake. Akishindwa, anapanda meli."

Ndivyo ilivyokuwa desturi yetu. Kila muhula ulipofungwa, watoto wa darasa la pili walisimama kanisani mmoja mmoja na kusoma mstari wa Biblia. Nikamwambia yule mama kwamba atasoma. Nilisema upesi mno, na nikaenda na neno hilo mpaka nyumbani kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki.

Binti mwenyewe alikuwa mtoto mkimya, mwenye tabia ya kutazama vidole vyake vya miguu kila nilipomwelekezea kijiti ubaoni. Niliamini kwamba projekta ingemwokoa. Nilihitaji kuamini hivyo.

Siku ya kwanza nilivuta waya kutoka nyumba ya padri, nikapanga watoto katika vikundi, nikawasha. Ukutani pakatokea kitu kama maziwa yaliyomwagika. Madirisha yetu hayakuwa na vioo wala mapazia, na jua lilikuwa limejaa chumba kizima.

"Mmeona herufi?" nikauliza.

"Ndiyooo, mwaliiimu!" wakaitikia wote, maana hivyo ndivyo walivyozoea kuitikia swali lolote.

Mwalimu wa hesabu, mwenyeji wa Micheweni, alikuwa amesimama mlangoni akila kipande cha muhogo. "Yakhe," akaniambia, "sinema yako yaogopa jua. Hata popo hutoka jioni. Kwa nini usiwafundishe magharibi?"

Sikucheka. Nilikwenda sokoni kutafuta kitambaa cheusi, sikupata, na yule mama wa Tabora akaniona nikizungukazunguka. Alipojua shida yangu alitoa kanga kutoka kwenye lundo lake, moja kwa kila dirisha.

"Chukua. Hiyo sinema nataka ifanye kazi. Lakini nisikute tundu la msumari."

Nikazitundika kwa vibanio vya nguo, na chumba kikapata giza la kutosha. Sasa filamu ilionekana. Herufi zilikuwa na miguu na mikia. Ile a ilimkimbiza b, m ilipanda ngazi, mtu mwenye sauti nzito ya kigeni alizitaja kana kwamba anaziogopa. Watoto walifurahi hata wakaacha kupigana. Yule binti alifurahi pia. Nilipoisimamisha filamu na kumuuliza ile yenye miguu ni nani, akatazama vidole vyake.

Sista akapita. Alisimama kwa muda akisoma madirisha yangu, dirisha moja baada ya jingine.

"Mwalimu, hili ni darasa la Wakristo au ni kibaraza cha wake wenza?"

"Sista, ni kwa ajili ya giza tu."

"Giza linalosema!" Akanyoosha kidole kwenye kanga ya njano. "Soma mwenyewe."

Kanga ile ilisema: CHUMBA CHANGU SI BARABARA. Ya pembeni yake ilisema: NJIA NI PANA WASHINDANA NA NANI. Nyingine sitazitaja. Sista aliagiza nizikunje, maneno yasionekane. Nilipozikunja, mwanga ukaingia kwa chini, na herufi zikarudi kuwa maziwa. Nikazikunjua. Akarudi. Nikazikunja. Nilikuwa na shahada, na hiyo ndiyo kazi niliyokuwa nikiifanya: kukunja na kukunjua kanga.

Mwishowe akachoka, akanipa ruhusa mpaka Pasaka. Muhula wetu ulifungwa siku chache kabla ya hapo.

Umeme nao ulikuwa na ratiba yake ambayo haikubandikwa popote. Asubuhi moja, m ikiwa katikati ya ngazi, projekta ikakoroma na kuzima. Nikatoka kwenda kuuliza kwa padri kama ni waya au ni mji mzima. Ulikuwa mji mzima. Niliporudi mlangoni nikasikia darasa linasoma.

Chumba kilikuwa kimebaki na kiza, na jua la nje lilikuwa likizipiga zile kanga kwa nyuma hata maneno yakawaka. Watoto hawakuwa na kingine cha kutazama. Walikuwa wakiunganisha silabi kwa shida, "chu-mba, cha-ngu," wakigombana, wakicheka. Ndipo sauti moja kutoka nyuma, isiyo na haraka, ikasema sentensi nzima, na baadaye ya dirisha la pili, na ya tatu. Alikuwa yeye.

"Umesoma?" nikamuuliza.

Vidole vya miguu.

Kichwa changu hakiniachi nifurahi. Kanga ni za mama yake. Amekua chini ya meza ile. Wanunuzi huuliza kutwa kanga hii inasemaje, na mama hujibu kwa sauti. Basi mtoto amekariri. Hilo lilikuwa jibu la busara, na lilinisononesha mchana kutwa. Nikamwomba mwalimu wa hesabu aniazime kanga mpya ya mkewe, ambayo haikutoka kwenye meza ile.

Aliileta kesho yake ndani ya mfuko. "Mke wangu akiuliza nimempelekea nani kanga yake, jibu utalitoa wewe. Mimi sipo."

Nikaitandaza juu ya dawati mbele ya binti. Maneno yake yalikuwa UMEYATAKA MWENYEWE USINITAZAME. Alisoma. Kwenye neno la mwisho aliteleza, akarudi, akalipata. Mtu hakosei na kujisahihisha katika jambo alilolikariri; hata mimi niliridhika.

Nikaandika ubaoni maneno yale yale kwa mwandiko wangu mzuri wa darasani: *umeyataka mwenyewe*. Akatazama vidole vyake. Nikayafuta, nikayaandika kwa herufi kubwa. Akasoma kabla sijamaliza.

"Na zile za kwanza?"

"Zile za shule," akasema. Akaonyesha herufi kubwa. "Hizi za mama."

Nilikaa kwenye dawati la mtoto, magoti yakanifika kidevuni. Wiki zote zile za waya, vibanio na Sista, filamu ilikuwa imemwonyesha herufi ndogo tu, kwa sababu mbinu mpya inasema mtoto aanze na zile atakazozikuta kitabuni. Herufi zenye mikia. Mtoto huyu alikuwa na alfabeti nzima kichwani, ila ilikuwa alfabeti ya kanga, na kanga huandikwa kwa herufi kubwa. Sikujua nimkasirikie nani. Nikamkasirikia m kwenye ngazi yake.

Kufunga muhula kulikuwa kumekaribia, na herufi ndogo zisingewahi. Nikaandaa mistari yote kwa herufi kubwa ili niioneshe kwa projekta kanisani. Sista alipinga, akisema maandishi yanaonekana yanapiga kelele. Nikambembeleza. Akakubali. Siku yenyewe, wazazi wakiwa wameshakaa, umeme ukakatika.

Mimi na mwalimu wa hesabu tuliubeba ubao kutoka darasani kuuingiza kanisani, tukigonga kila benchi.

"Yakhe, hii ndiyo teknolojia mpya?" akanong'ona.

"Nyanyua upande wako."

Nikauandika mstari wa binti kwa chaki, kwa herufi kubwa. Akasimama. Akausoma wote, taratibu, bila kutazama vidole vyake. Kanisa likapiga makofi, na kutoka upande wa wanawake kikaja kigelegele kimoja kirefu.

Mama yake hakupiga makofi. Tulipotoka alinisubiri barazani akiwa na Biblia yake, ameifungua ukurasa mwingine.

"Haya, mama, soma na hapa," akamwambia mwanawe.

Binti akasoma kichwa cha habari kilichokuwa juu ya mstari, kwa kuwa kilikuwa kwa herufi kubwa. Alipofika kwenye mstari wenyewe kichwa kikashuka.

"Kwa hiyo anasoma nusu," mama yake akasema.

"Herufi kubwa anazijua zote. Ndogo bado."

"Hizo kubwa kazijulia wapi?"

"Kwako. Mezani."

Akaifunga Biblia. Kisha akauliza, "Hizo ndogo zinachukua muda gani?"

Nilikuwa na majibu ya chuoni, yote ya kistaarabu. "Sijui," nikasema.

"Begi lake nimeshalifunga. Meli ni Jumamosi."

"Kalifungue!" Nilisema kwa sauti iliyowageuza watu. Nilikuwa nimechoka. "Mtoto anasoma, wewe unataka kumpeleka akaanze upya kwa watu wasiojua hata anasomaje!"

Alinitazama kama anavyomtazama mnunuzi aliyetaja bei ya kipuuzi. "Nitaliacha lilivyo. Wewe njoo sokoni likizo hii, umfundishe mbele ya macho yangu. Nikiona kitu, nitalifungua. Nisipoona, zipo Jumamosi nyingine."

Basi nikatumia likizo yangu nimechuchumaa kwenye sakafu ya saruji chini ya meza ya kanga. Kila kanga iliyotundikwa juu, niliyaandika maneno yake chini kwa chaki, kwa herufi ndogo, na binti akatafuta ipi ndogo ni mtoto wa ipi kubwa. Begi lilikuwa pale pale kati yetu, la buluu, zipu imefungwa. Miguu ya watu ilifuta somo langu kila mara.

"Mwalimu, kwani skuli wamekutoa?" akaniuliza bibi mmoja wa Tumbe aliyekuja kununua.

"Hapana, Bi. Nafundisha."

"Hapa chini?"

"Hapa chini."

"Haya, Mungu akujaalie. Ile nyekundu yasemaje?"

Binti akamsomea. Nami, badala ya kufurahi, nikaanza kuhangaika: amesoma ya juu au ya chini? Kwa vile maneno yalikuwa yale yale, nisingejua kamwe. Nikamuuliza.

"Mwalimu, si yote yanasema hivyo hivyo?"

Nikafuta kila kitu kwa kiganja. Nikaandika neno ambalo halikuwa kwenye kanga yoyote, kwa herufi ndogo, na jingine baada yake. Aliinama juu yake kwa muda mrefu. Bibi wa Tumbe alikuwa amenyoosha mkono akisubiri kanga yake.

"Fu-ngu-a," akasema binti. "Fungua. Be-gi. Mama, fungua begi."

"Nani kakwambia?"

"Pameandikwa. Chini."

Mama akazunguka meza, akaitazama saruji, akanitazama mimi, akafyonza. Kisha akapiga magoti, akavuta ile zipu. Sare ya shule ilikuwa juu kabisa. Akaitoa, akaikung'uta mara mbili.

"Ona ilivyojikunja," akaniambia, kama vile ni mimi niliyeipanga humo. "Nitaipigia pasi saa ngapi?"

"Na kanga yangu jamani?" akauliza bibi wa Tumbe.