Mtutu Niliousafisha Mno

Baba mkwe wangu, Mswidi wa Sundbyberg mwenye miaka sabini na ushei, hujaza risasi zake mwenyewe kwenye meza ya jikoni, na kuhusu baruti yake hataki utani. "Inaungua safi," huniambia, akipitisha kitambaa cheupe ndani ya mtutu na kukitoa na masizi kiduchu. Baruti ya zamani, anasema, iliacha weusi kama wa sufuria ya kuni. Mimi nimepikia kuni Kakamega, kwa hiyo nilimwelewa mara moja.

Jumamosi moja ya Agosti alinipeleka uwanja wa shabaha, akaniachia nipige risasi kumi. Nilifurahi kupita kiasi! Tuliporudi kwake akajipumzisha, nami nikabaki naitazama ile bunduki. Mkaza mwana atumie kitu cha baba mkwe, kisha akirudishe kichafu? Mama yangu angenichapa hata na umri huu. Nikasugua mtutu mpaka kitambaa kikatoka cheupe pe, nikaupaka mafuta ndani ukang'aa. Tenda wema nenda zako, sikumwambia mtu.

Kesho yake palikuwa na jaribio la kila mwaka la kulenga shabaha, nikafuatana naye. Asiyefaulu haendi na kikosi cha wawindaji kuwinda älg, yule mnyama wa msituni anayempita ng'ombe kwa urefu. Risasi ya kwanza ya Mzee, maana ndivyo nilivyomzoesha kuitwa, ikapita nje kabisa ya shabaha. Hakulaumu baruti. Alivua miwani, akaifuta, akasema polepole, "Macho yamekwisha. Nafasi yangu mpeni mwingine." Akaanza kuirudisha bunduki kwenye mkoba wake.

Roho iliniuma. Kwetu mkaza mwana hamwingilii baba mkwe mbele ya wanaume wenzake, lakini niliropoka.

"Mzee, ni mimi! Niliisafisha jana. Nikaipaka mafuta."

"Ndani ya mtutu?"

"Ndani kabisa, Mzee."

Mwenzake mmoja alicheka hadi akashika tumbo. Ndipo nikaelezwa wanachokijua wawindaji wote: mtutu wenye mafuta huitupa risasi ya kwanza kokote. Ndiyo maana Mzee huuacha na masizi yake kidogo msimu mzima, na ndiyo maana hutafuta baruti safi, masizi yasizidi.

Wakaufuta mafuta, Mzee akapiga risasi moja kwenye tuta la mchanga ili mtutu upate masizi yake, akarudia jaribio. Risasi zote nne za jaribio zikaingia kwenye shabaha.

Alilaza bunduki taratibu, akanijia moja kwa moja, akanikumbatia mbele ya watu, jambo ambalo baba mkwe wa kwetu hathubutu kulifanya. Nilikakamaa kama mti.

"Bado naona," alininong'oneza, huku machozi yakimtoka.